Moshi Bila Moto: Jina la Mji Wetu Katika Masikio ya Wengine

Hotuba iliyotolewa mjini Moshi katika Siku ya Kiswahili Duniani, mbele ya wanafunzi wa sekondari, walimu na wazazi

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu wenzangu, wazazi, na nyinyi wanafunzi mliokaa nyuma kabisa mkidhani siwaoni: itifaki imezingatiwa. Wazee wangu, shikamooni.

Waandaaji walinipa mada ya utajiri wa Kiswahili. Mada hiyo haikosi msemaji kila tarehe 7 Julai, kwa hiyo nimewaomba ruhusa niibane. Nitazungumzia neno moja tu, tena mnalo mdomoni kila siku. Neno lenyewe ni Moshi.

Hakuna mtoto wa hapa ambaye hajaulizwa na mgeni kwa nini mji wake unaitwa moshi, na nani alikuwa anachoma nini. Na hakuna mtoto wa hapa aliyekosa jibu. Jibu linalopendwa kuliko yote ni la treni: Wajerumani walileta gari moshi, likafika hapa likifuka, watu wakashangaa, mji ukapata jina. Wengine wanasema ni mlima, kwamba zamani ulikuwa unatoa moshi. Wapo pia wanaosema ni ule ukungu wa asubuhi unaoshuka kutoka msituni, ambao kwa mbali unafanana na moshi wa jikoni.

Tuanze na treni, maana ndiyo rahisi kuiangusha. Reli ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, nayo ikafika hapa 1911. Sasa rudini nyuma miaka 40. Mwaka 1871 mmisionari Mwingereza, Charles New, alipanda hadi kwa Mangi Rindi, yaani mtawala Rindi, ambaye watu wa pwani walimwita Mandara, akitafuta njia ya kufika kwenye theluji. Kitabu chake kilichapishwa 1873, na nchi ya mangi huyo ameiandika "Moche". Mangi Rindi alifariki 1891. Mwanawe, Mangi Meli, Wajerumani walimnyonga mwaka 1900, reli ikiwa bado haijafika hata Korogwe. Baba na mwana walitawala nchi yenye jina hilo, wakaondoka duniani, na hakuna aliyesikia honi ya treni mlimani hapa. Mtoto hawezi kumzaa bibi yake.

Treni ilichofanya ni kuuteremsha mji. Kituo kilijengwa huku chini tambarare, Wajerumani wakakiita Neu-Moschi, yaani Moshi Mpya, na ile ya juu, yenyewe hasa, ikageuka kuwa ya zamani. Ndiyo maana hadi leo tuna kata ya Old Moshi Mashariki na kata ya Old Moshi Magharibi, majina yenye Kiingereza mwanzo na Kiswahili mwisho, wala hakuna anayeona ajabu. Mji mpya ulichukua jina la wenye mlima, ukawaachia wenyewe kivumishi.

Mlima je? Wataalamu wa miamba wanakadiria kwamba Kilimanjaro ilifanya kazi kwa nguvu mara ya mwisho miaka 150,000 hadi 200,000 iliyopita. Ni kweli kwamba juu kabisa Kibo, katika shimo linaloitwa Reusch, bado kuna matundu yanayotoa gesi yenye harufu ya kiberiti, lakini hiyo huioni ukiwa Old Moshi, labda uwe na macho ya tai. Kama ni suala la mlima kutoa moshi, basi jirani zetu wa Arusha ndio wenye haki ya jina hili, maana Meru ililipuka kidogo mwaka 1910, juzi tu. Tusiwaambie.

Turudi kwa wenye jina. Watu wa Old Moshi, kwa lugha yao, ni Wamochi, na lugha yao ni Kimochi, kama vile wa Machame walivyo na Kimachame na wa Rombo Kirombo. Sauti iliyomo ni *ch*. New, ambaye hakuwa na sababu ya kudanganya juu ya herufi, naye ameweka *ch*. Hiyo *sh* tuliyonayo leo imetoka wapi? Mimi naegemea hivi. Misafara ya pwani, ya watu wa Pangani na Mombasa, ilikuwa inapita hapa kununua pembe na kupumzika kabla Mzungu hajafika. Mtu wa pwani akisikia Mochi, tayari kichwani ana neno lake linalokaribiana na hilo, neno alilozaliwa nalo. Analivuta jina la mgeni mpaka likae pale penye neno lake. Mochi inakuwa Moshi. Wajerumani nao, ambao wakalimani wao walikuwa Waswahili, wakaandika Moschi kama walivyosikia. Baada ya hapo jina lilikuwa limeshapata maana ya Kiswahili, na jina likishapata maana, watu hulitafutia hadithi. Hadithi ya treni imezaliwa hapo.

Jambo hili limewapata wakubwa kuliko sisi. Fungueni Kutoka 2:10. Binti Farao anamwita mtoto Musa kwa sababu alimtoa majini. Kwa Kiebrania jina ni Moshe, na kitenzi cha kuvuta au kutoa ni *masha*. Maelezo yanapendeza. Lakini jiulizeni, binti wa Farao, wa jumba la kifalme la Misri, kwa nini ampe mtoto jina la Kiebrania? Wataalamu wengi wanaona jina hili ni la Kimisri, kutoka neno lenye maana ya mtoto au aliyezaliwa, lile lile mnaloliona mwishoni mwa jina la Farao Thutmose. Waebrania walilisikia, wakalipatia mzizi katika lugha yao, na maelezo yakabaki yameandikwa. Sisemi hivi ili kumtikisa mtu imani. Nasema sikio la binadamu ndivyo lilivyo, hata likiwa sikio la watu watakatifu.

Na kwa kuwa tuko kwenye kitabu hicho hicho, akina Mushi mliomo humu, najua mpo wengi, msome pia Kutoka 6:19. Wana wa Merari ni Mali na Mushi. Nimekutana na mzee aliyekuwa tayari kunichorea nasaba kutoka Walawi hadi Kibosho kwa mstari huo mmoja. Nilimwacha afurahi. Lakini kabla hamjafunga safari ya kwenda Yerusalemu kudai urithi, piteni kwanza Japani, kwa sababu kule *mushi* ni mdudu.

Japani ndiko nitakakokaa zaidi, maana ndiko jina letu limefurahishwa kuliko kote.

Mjapani akipokea simu anasema *moshi moshi*. Ndiyo haloo yake. Mgeni wa Kijapani anayeshuka stendi yetu na kusoma ubao anaona neno la simu limeandikwa kwa herufi kubwa. Neno hilo limetokana na kitenzi cha kunyenyekea, *mosu*, chenye *o* ndefu, maana yake kusema, lakini kusema kwa mtu anayejishusha mbele ya anayemwambia. Simu za kwanza nchini mwao zilifunguliwa 1890 kati ya Tokyo na Yokohama, na watu walihitaji namna ya kumwita mtu wasiyemwona bila kumkosea heshima. Ni kama vile ungepokea simu na kusema "nasema, nasema", kwa sauti ya shikamoo. Wao pia wana hadithi juu yake, kwamba hutamkwa mara mbili kwa sababu mizimu na mbweha wanaojigeuza watu hawawezi kulirudia neno. Mnaona? Hata kule neno halikuachwa bila ngano. Zaidi ya hilo wana *moshi* nyingine, isiyorudiwa, yenye maana ya "iwapo". Mji wetu kwao ni haloo, au ni iwapo.

Sasa chukueni ile Mochi yetu ya asili. *Mochi* kwa Kijapani ni chakula: mchele wa kunata unaochemshwa kwa mvuke, kisha unatwangwa mpaka unakuwa donge laini linalovutika, nao hulila hasa Mwaka Mpya. Unatwangwa kwenye kinu, akina mama, kinu cha mti au cha jiwe, mmoja anapiga na mwingine anageuza, na mkono wa anayegeuza una kazi ya kuwahi kutoka. Chombo kile cha kutwangia, ambacho sisi tunakiita mchi, wao wanakiita *kine*. Kinu chenyewe wanakiita *usu*. Kwa hiyo Mjapani anatwanga mochi kwa *kine*, na Mswahili anatwanga kwa mchi ndani ya kinu. Mtu mvivu wa kufikiri akipewa sentensi hiyo atakuandikia kitabu kizima kwamba Wabantu walitokea Kyoto.

Halafu kuna Kimochi, lugha ya wazee wetu wa Old Moshi. *Kimochi* kwa Kijapani ni hisia, jinsi mtu anavyojisikia moyoni. Lakini tulichane neno lenyewe. Kimochi chetu ni *ki-* ya lugha, ile ile ya Kiswahili na Kipare, ikifuatiwa na jina la watu. Kimochi chao ni *ki*, roho au pumzi ya uhai, neno walilolipata kwa Wachina, ikifuatiwa na *mochi* ya kitenzi cha kushika au kuwa na kitu. Si hata ile *mochi* ya kuliwa. Maneno mawili yamelingana herufi kwa herufi, na ukiyafungua ndani, hakuna kiungo hata kimoja kilichofanana na mwenzake. Ukikutana stendi na mtu aliyevaa shati kama lako, hamjawa ndugu.

Wenzetu wenye asili ya India nao wana *mochi*, na hapa mambo yanabadilika kidogo. Kwa Kihindi na Kigujarati *mochi* ni fundi viatu, na ni jina la jamii nzima iliyorithi kazi hiyo. Neno hilo halikuota India. Lilitoka upande wa Wairani, kwenye neno la kale la buti. Kiajemi cha leo bado kina *moza*, na Kihindi kimeichukua tena baadaye kwa maana ya soksi. Neno limeingia India mara mbili kwa milango miwili, mara ya kwanza likiwa fundi na mara ya pili likiwa soksi. Hapo kuna udugu wa kweli, kwa sababu kuna njia: wafanyabiashara, majeshi, mafundi, watu waliokutana kweli na kuuziana viatu. Kati ya fundi viatu wa Gujarat na Mangi Rindi njia ya namna hiyo haipo, ingawa wajukuu wa fundi yule huenda wana duka hapa mjini.

Kwingine nitapita haraka. Moche, kama alivyoandika New, ni bonde na mto kaskazini mwa Peru, na ni jina la watu wa kale waliostawi huko takriban mwaka 100 hadi 800 baada ya Kristo, mafundi wa vyungu vyenye sura za watu. Kwa Kifaransa cha mitaani *moche* maana yake ni enye sura mbaya, kwa hiyo tushukuru kwamba tahajia ya New haikushika. Vitabu vya zamani vya Kiingereza viliwaita Wamossi wa Burkina Faso "Moshi", jambo linaloendelea kumchanganya kila anayetafuta historia yetu maktabani. Wao wenyewe hujiita Moose, kwa silabi mbili, mo na se, na hawana mlima.

Swali la haki ni hili: mbona yanafanana mengi hivi? Mwanafunzi mmoja wa kidato cha pili aliniuliza mlangoni kama kuna siri. Hakuna siri, kuna hesabu. Kijapani kina irabu tano, na Kiswahili kina tano zilezile. Lugha zote mbili hupenda silabi ya konsonanti moja na irabu moja, ma, ka, shi, mo, na hazipendi kurundika konsonanti. Silabi za Kijapani za namna hiyo zinakaribia 100. Ukiziunganisha mbili mbili, mia mara mia, unapata maumbo 10,000 tu ya maneno mafupi. Sasa lugha hai ina maelfu ya maneno ya kupanga humo, na lugha ya pili nayo ina maelfu ya kwake. Yasipogongana ndiyo ingekuwa ajabu. *Nani* kwetu ni kuuliza mtu. Kwa Kijapani ni kuuliza kitu. Kwa Kigujarati ni bibi mzaa mama. Kwa Kihawaii ni uzuri. *Sumu* ya kwetu inaua, na tuliipata kwa Waarabu. Ya Kijapani ni kitenzi cha kuishi mahali. Unaweza kukaa mwaka mzima ukikusanya jozi kama hizi, na ukimaliza utakuwa umethibitisha jambo moja tu, kwamba mdomo wa binadamu ni mdogo.

Basi udugu wa kweli unatambuliwaje? Tuliache jina la mji, tushike moshi wa kawaida, ule wa jikoni. Moshi huu una ukoo, na ukoo wake unaonekana humu humu ndani ya Kiswahili. Anayepika ni nani? Mpishi. Anayeandika? Mwandishi. Anayecheka na kuchekesha? Mcheshi. Kila mara *k* ya kitenzi inapokutana na hiyo *i* ya mwisho inageuka *sh*. Si bahati, ni kanuni, inatokea hata kama hukufundishwa. Sasa nipeni kitenzi ambacho kikipita kwenye kanuni hiyo kitazaa moshi.

Asante, binti. Oka. Kuoka mkate, kuoka kwenye makaa. Oka, moshi. Wanaochunguza lugha za Kibantu wamelirudisha neno hili hadi kwenye lugha mama iliyosemwa miaka elfu kadhaa iliyopita: mzizi wa kuchoma au kuoka, ukizaa jina la kinachotoka unapochoma. Wanyarwanda na Warundi wanasema *umwotsi*. Ukisikia haraka haraka, hiyo haifanani na moshi yetu kama *moshi* ya simu ya Mjapani inavyofanana nayo. Lakini huyo ndiye ndugu, na Mjapani si ndugu. Hapo ndipo ninapowataka watoto wa kidato cha tatu na cha nne mkae sawasawa: ndugu wa damu anaweza kuonekana mgeni, kwa sababu kila lugha imemlea kwa sauti zake, ila tofauti yake inafuata kanuni. Asiye ndugu anaweza kufanana na wewe kabisa, na kufanana kwake hakufuati kitu chochote.

Mfano mzuri zaidi uko mbali kidogo, kwenye Mto Zambezi. Maporomoko ambayo Livingstone aliyaona mwaka 1855 na kuyapa jina la malkia wake yalikuwa na jina lake: *Mosi-oa-Tunya*, moshi unaonguruma. Ni lugha ya Wakololo, waliotoka upande wa Wasotho kusini, na hadi leo kwa Kisotho *mosi* ni moshi. Ule si moshi wa moto, ni manyunyu ya maji yanayopanda juu na kuonekana kutoka maili nyingi. *Mosi* yao na moshi yetu ni watoto wa mama mmoja, *s* yao ikisimama pale penye *sh* yetu.

Lakini Mswahili asiyejua hayo anasikia nini akisikia *Mosi-oa-Tunya*? Anasikia Jumamosi. Anasikia tarehe mosi, Mei Mosi. Sikio lake linakimbilia ile *mosi* yetu ya moja, ambayo ni ya ukoo mwingine kabisa. Hiyo inawezekana hata baina ya lugha mbili ambazo ni ndugu: ndugu halisi anapita mlangoni, na wewe unamsalimia mtu mwingine kwa jina lake.

Limebaki swali mlilokuja nalo, kwamba Mochi, kwa Wamochi wenyewe, maana yake ni nini. Hilo sitalijibu kwa Kiswahili hapa jukwaani, kwa sababu ndilo kosa lile lile la msafara wa Pangani. Lijibiwe kwa Kimochi. Mwenye bibi au babu Old Moshi aende akae naye, asimuulize "kwa nini mji unaitwa moshi", maana akimuuliza hivyo mzee atamjibu kwa adabu kwa hadithi ya treni. Amuulize majina ya vitongoji vya zamani, ya mifereji, ya koo, ya mashamba ya juu karibu na msitu, na kila jina amwombe mzee alitamke mara mbili, polepole. Aandike kama alivyosikia, *ch* ikiwa *ch* na si *sh*, hata kama kamusi ya shule inamkatalia. Wa Uru, Kibosho, Marangu na Rombo wafanye vivyo hivyo kwao. Mwalimu wenu wa Kiswahili amekubali kuyapokea madaftari na kuyatunza maktabani, na nimemwona akiitikia kwa kichwa sasa hivi, kwa hiyo hawezi kukana.

Naona mkono wa mzee pale mbele umekuwa juu tangu niliposema habari za Kibosho. Aika mbe, yaani asante, mzee wangu, karibu. Kipaza sauti kinakuja.